Shule za wasichana kaskazini mashariki zahitaji walimu wa kike kabla ya madarasa

Mhariri,

Huku kaskazini mashariki mwa Kenya hatukosi mheshimiwa wa kuweka jiwe la msingi la shule ya wasichana. Mabati huletwa, picha hupigwa, madarasa mawili matatu husimama yakinukia rangi. Swali la nani atafundisha humo huachiwa TSC, tume inayoajiri walimu.

Novemba 2014 watu 28 waliuawa walipotekwa ndani ya basi lililotoka Mandera, miongoni mwao walimu waliokuwa wakienda likizo. Januari 2020 wanamgambo wa Al-Shabaab wakawaua walimu watatu wa shule ya msingi huko Kamuthe, kaunti ya Garissa, na walimu wasio wenyeji wakahamishwa kwa wingi. Siwalaumu walioondoka. Nani angebaki?

Mvulana akikosa mwalimu kijijini hupelekwa kwa mjomba mjini akasome. Dada yake hubaki kuchota maji na kuchunga mbuzi, na haupiti muda wachumba wanaanza kubisha hodi. Hata mwalimu akiwepo, familia ikihama na ngamia kufuata malisho, shule ya kutwa haimfai binti huyo. Anahitaji bweni.

Na bweni lenyewe! Nimeliona moja: dirisha limezibwa kwa gunia, vyoo havina komeo, ua ni wa miiba ambao mbuzi wameshautoboa. Tangi lina nembo kubwa ya mfadhili na halina maji, kwani boza huja dizeli ikipatikana. Matroni ni mama mmoja anayelala mlangoni na tochi yake. Mzazi gani atamwacha bintiye hapo usiku?

Pesa za darasa jingine zijenge kwanza ua, vyoo na nyumba ya mwalimu. Kisha tuwasomeshe ualimu wasichana wetu waliomaliza kidato cha nne, kwa sharti la kurudi kufundisha hapa. Wengi hukwama kwenye alama za kujiunga, na si ajabu, maana hisabati walijifunza wenyewe. Sipendi wazo la kushusha alama, litatuletea walimu dhaifu kwa watoto walewale. Wapewe mwaka mmoja wa masomo ya kujiimarisha, halafu waingie chuo cha ualimu cha Garissa. Basari za kaunti na za CDF, mfuko wa maendeleo wa maeneobunge, hutolewa kila mwaka. Zikiwatengea fungu lao, wa kwanza watashika chaki baada ya miaka minne hivi.

Mwalimu mstaafu,
Garissa