Mwanangu kamwambia mwalimu baba yake hana kazi, analala tu

Shangazi, shikamoo. Naandika usiku huu nikiwa lindoni, na hata asubuhi nikirudi nyumbani najua sitalala. Tangu Jumamosi usingizi umenikimbia.

Mwalimu aliwauliza watoto wa darasa la kwanza wazazi wao wanafanya kazi gani. Wangu akajibu, "Baba hana kazi, analala tu." Mama yake alinisimulia huku anacheka. Mimi sikucheka.

Wewe jiji hili la Dar es Salaam unalijua. Lindo liko Masaki, sisi tumepanga Chanika. Naingia saa 12 jioni, natoka saa 12 asubuhi, tena mpaka mwenzangu aje kunipokea. Nikifika nyumbani mtoto yuko shule. Akirudi mchana anaambiwa anyamaze, baba kalala. Alasiri naamka, naoga, nakula, naondoka. Ofu nayo mara nyingi inaliwa, eti watu hawatoshi. Sheria inasema saa 9 kwa siku, 45 kwa wiki, na kazi ya usiku ina nyongeza ya asilimia 5. Ukimuuliza msimamizi anakwambia wanaotafuta kazi wamejaa getini.

Analala tu! Sare, madaftari, hela ya uji wa shule, vinatoka wapi? Simlaumu mtoto, ana miaka 7. Lakini mama yake alishindwa nini kumwambia palepale kwamba baba anafanya kazi usiku? Nilipomuuliza akasema nakuza mambo, na kwamba kaka yake ndiye anayekwenda vikao vya shule na hajawahi kulalamika. Shemeji ana bodaboda yake, Shangazi, anapumzika saa anayotaka. Mimi nikitoka hapa geti lina nani?

Usinishauri niache kazi, sina nyingine. Zamu ya mchana nimeifikiria, ila nitakuwa naondoka saa 10 alfajiri na kurudi saa 3 usiku, mtoto kalala. Halafu kuna siku natamani nirudishe sare zao za ulinzi twende wote kwetu Songea tukalime. Mama yake hataki hata kusikia.

Tangu siku ile sisemi naye, namjibu salamu tu. Nianze kuongea na yeye au na mtoto? Na mtoto nimwambie nini, wakati kweli kila akiniona nimelala? Mwezi ujao kuna kikao cha shule. Safari hii nataka niende mwenyewe nikitoka tu lindo, ila mtoto ameshamwomba mjomba wake.