Betri mbili ukiziunga pamoja ni betri moja

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi niseme jambo kuhusu boti ndogo zinazobeba watu kwenda visiwani. Mimi ni fundi umeme wa boti, Kigamboni. Kabla ya hapo nilifunga umeme wa magari Gerezani miaka kumi na mmoja, na kosa ninalolieleza hapa nilitoka nalo huko.

Mwaka juzi alinijia mwenye boti ya faiba yenye injini ya farasi 85. Akaniambia, "Fundi, wateja wangu wakifika Sinda wanataka muziki, friji na kuchaji simu. Betri moja inalala. Niongezee ya pili." Nikamwongezea. Chanya kwa chanya, hasi kwa hasi, nikafunika boksi, nikachukua hela yangu. Hata saa moja haikuisha.

Ikaja Julai, upepo wa kusi umechachamaa. Boti ilipeleka watu tisa, wawili watoto. Muziki ulipigwa tangu saa nne asubuhi, injini imezimwa. Saa kumi na moja na nusu jioni nahodha akageuza ufunguo: ta-ta-ta-ta. Aliyewahi kuusikia mlio huo hausahau. Walivutwa na boti ya wavuvi hadi Mjimwema, giza limeshaingia, na wavuvi wakadai elfu sitini za mafuta, haki yao.

Asubuhi nikapachika mita. Betri ya kwanza volti 11.3. Ya pili volti 11.3. Betri iliyojaa chaji ikiwa imetulia husoma 12.6 au 12.7, na ikishuka hadi 12.2 imebaki kama nusu. Lakini kilichonishika si udogo wa namba, ni kwamba zilikuwa sawasawa. Nilikuwa nimemuuzia mtu betri moja kubwa, nikamwacha aamini ana mbili. Redio haikujua ya akiba ni ipi, ikazinywa zote.

Gari likigoma kuwaka Kariakoo, vijana watakusukuma hata kabla hujashuka. Sinda nani akusukume?

Nimejifunza upya tangu siku ile. Betri ya kuwasha injini iachiwe kazi hiyo tu. Bamba zake ni nyembamba na nyingi, zinatoa nguvu nyingi kwa sekunde chache, na ukizoea kuikausha inakufa mapema. Muziki, friji na taa viende kwenye betri ya pili, ya bamba nene, inayostahimili kunyonywa polepole. Hasi za betri zote mbili zinaungana. Chanya ndizo zinazotenganishwa.

Wengi hutumia swichi kubwa ya kuzungusha: moja, mbili, zote, zima. Si mbaya, ila inataka nahodha mwenye kumbukumbu. Nimekuta boti ambazo swichi imekaa kwenye "zote" hadi imeota chumvi. Na mtu akiizungusha hadi "zima" huku injini inanguruma, anaweza kuunguza daiodi za chaji hapo hapo. Mimi sasa nafunga rilei, yaani swichi inayosoma volti na kujiendesha yenyewe. Injini ikiwaka na betri yake ikapanda hadi volti 13.3 hivi, rilei inaunganisha na ya pili ipate chaji. Injini ikizimwa na volti zikashuka hadi karibu 12.8, inaachia yenyewe. Ukikaa karibu unasikia "tik", basi. Nahodha hana cha kukumbuka.

Fyuzi ikae karibu kabisa na kichwa cha betri, si kule mbele kwenye usukani. Waya ukichubuka katikati, fyuzi ya mbele haitakuokoa, na boti ya faiba yenye petroli haingoji. Waya wenyewe uwe wa nyuzi nyingi za shaba iliyopakwa bati. Waya wa nyumba niliwahi kuufungua baada ya masika mawili tu: ganda la nje safi kabisa, ndani unga wa kijani, nikaukata kwa vidole.

Pampu ya kutoa maji kwenye ngama, yaani chini kabisa ndani ya boti, isipitie swichi kuu. Ichukue moto moja kwa moja kutoka kwenye betri, na fyuzi yake yenyewe. Mwenye boti akizima kila kitu akaenda kulala, na mvua ikanyesha usiku kucha, pampu iwe macho. Hili watu hubishana nami sana. Wanaona ni kuachia umeme upotee bure.

Ombi langu kwa wanaokagua vyombo vidogo: ufukweni ninapofanyia kazi wakaguzi wanahesabu majaketi okozi, na wanafanya vema. Wafungue na boksi la betri. Haichukui dakika tano. Waangalie kama zimefungwa mkanda zisiruke, kama fyuzi ipo, halafu waulize swali moja tu: muziki ukimaliza betri, injini itawaka? Nahodha akianza kueleza kirefu, jibu wameshalipata.

Boti ile niliifunga upya bila kudai hata shilingi, na elfu sitini za wavuvi nikarudisha kwa awamu mbili. Bado inakwenda Sinda. Siku nyingine muziki unazimika saa tisa alasiri na abiria wanaanza kunung'unika. Nahodha anawasha injini kwanza, ndipo anawajibu.

Fundi umeme wa boti,
Kigamboni, Dar es Salaam