Spana yako ninayo bado

Uyole, Mbeya
6 Julai

Ndugu yangu Festo,

Kamwene! Za Mafinga? Shemeji na watoto hawajambo? Sisi tu wazima, baridi tu ndiyo inatukata masikio. Najua umeshanuna: miaka miwili bila salamu, leo barua. Kabla hujaikunja, ile spana yako ya toki, ile inayopima nguvu ya kukaza bolti, ninayo bado. Imelala chini ya kitanda ndani ya gunia, Ipyana hajaigusa. Na ndiyo nitakayokazia hedi wiki hii, kwa hiyo usiidai kwanza.

Hilux imeunguza gasketi ya hedi, ile ya kuziba kati ya kichwa cha injini na bloku.

Nilikuwa natoka Kyela na mchele, gunia 12, uzito usiulize. Tukuyu nikapita salama, Kiwira salama, kile kipande cha Isongole mshale wa joto ukawa unapanda kuliko gari lenyewe. Nikasimama, likapoa, nikaongeza maji, nikaendelea. Uyole nimeingia na moshi mweupe nyuma kama wa kuni mbichi. Kuchomoa kijiti cha oili, chai ya maziwa: maji yameshaingia kwenye oili.

Hedi tumeishusha. Ukilaza rula ya chuma juu yake, fila, kile kibati cha kupimia mwanya, ya milimita 0.15 inapita katikati bila kusukumwa. Gasketi yenyewe imeungua kati ya silinda ya pili na ya tatu, pameliwa upana wa ukucha. Jamaa wa karakana akaipima kwa presha, ufa hakuna, akaiskimu, yaani akaukwangua uso uwe bapa, akatoa milimita 0.20. Uso unang'aa, ukipitisha ukucha haukwami popote. Bei sikutajii, nitalia upya.

Ugomvi ukaanzia hapo. Muuza spea mmoja Mwanjelwa kanitolea gasketi isiyo na alama hata moja, eti hedi ikishaskimiwa unaweka nene, imeisha hiyo. Ipyana anasema tuweke mbili, moja juu ya nyingine. Baba Lusajo, unamjua, yeye anataka tuipake rangi ya silva pande zote halafu tuombe.

Mimi nikakumbuka ulivyomfokea yule kijana kule Makambako, kwamba kwenye dizeli gasketi inachaguliwa na pistoni, kwa jinsi zinavyochungulia juu ya bloku. Gari la petroli sawa, chumba cha moto kiko ndani ya hedi, ukiikwangua chumba kinapungua, mgandamizo unapanda, injini inaanza kugonga, na hapo nene ina maana yake. Lakini hii injini yangu ya dizeli, 3L, pistoni zake zinachungulia juu ya bloku, na bloku sijaigusa. Zinachungulia vile vile kama jana. Toyota hawakutoa unene wa aina tatu, B nyembamba, D ya kati na F nene, kwa kupenda herufi, na kati ya moja na inayofuata ni kama 0.1 ya milimita tu! Nikaiosha ile ya zamani kwa dizeli, nikaifuta taratibu, pembeni ikajitokeza D. Ndiyo iliyokuja na injini, maana haijawahi kufunguliwa. Au ndivyo alivyoapa aliyeniuzia, na viapo vyake unavikumbuka.

Nikiweka F kumridhisha muuza spea, mgandamizo utashuka, na asubuhi ya huku mwezi wa saba unaijua. Hata kabla haijaungua nilikuwa napasha hita mara tatu ndipo iwake. Nikiteremka kwenye B, pistoni itakwenda kupiga hodi kwenye valvu. Na hizo valvu ndizo zinazoninyima usingizi, Festo. Hedi ikipungua 0.20, valvu nazo zimesogea karibu na pistoni kiasi hicho hicho, isipokuwa viti vyake vikikatwa. Jamaa anasema amevikata. Anasema pia vile vikombe vya chuma vya chumba cha moto alivitoa, akavirudisha vikiwa sawa na uso. Anasema. Mimi sikuwepo, nilikuwa msibani kwa Mama Tumaini. (Hilo nalo umelisikia? Nitakueleza tukionana, si la kuandika.)

Nimejaribu kupima pistoni zimechungulia kiasi gani kwa rula na fila. Mara 0.80, mara 0.85, nikirudia napata 0.70. Mkono wangu siuamini. Naomba ile dayo geji yako yenye sumaku, kile kipimo cha mshale, siku mbili tu. Najua ulivyocheka uliposoma "siku mbili". Na ukipita Iringa mjini uniangalizie gasketi yenye D imegongwa waziwazi. Isiyo na alama waachie wenyewe. Mpe konda wa basi lolote la Mbeya, nitaipokea Uyole.

Matundu ya bolti nimeshayakausha kwa upepo, la kwanza lilikuwa limejaa maji na oili. Ningekaza vile, toki ingenidanganya, au bloku ingepasuka.

Sasa nisikufiche. Pale Isongole sikusubiri lipoe. Mtoto mmoja alileta ndoo ya maji ya mtoni, baridi kama barafu, nikaimimina yote injini ikiwa inachemka. Ilitoa mlio, Festo, kama mtu kavuta pumzi. Na kifuniko cha rejeta ni kile kile ulichoniambia nikitupe. Uliniambia hata sababu, kwamba hapa Mbeya maji yanachemka kwenye nyuzi 94 hivi, na Isongole mapema zaidi, kwa hiyo kifuniko kisiposhika presha nimekwisha. Nilikifunga kwa mpira wa tyubu. Kipya nimenunua juzi.

Haya, niambie: pistoni nne zikitofautiana, nafuata iliyo juu zaidi au wastani? Kina cha valvu ndani ya hedi nitapimaje bila kurudi kwa yule jamaa na kugombana? Hii D ninayoing'ang'ania, wewe ungeiweka? Dayo geji utaituma, au mpaka kwanza spana irudi? Na shemeji bado anagema ule ulanzi wa mianzi, au mmeokoka?

Nijibu upesi. Mchele wa watu uko sebuleni kwangu, wanangu wanalala jikoni.

Wako,
Gwakisa