Kwako somo: ile "e" mpya imefika na imetukataa

Tanga, 12 Novemba 2006

Somo yangu,

Assalaam aleikum. Nakuandikia kwa kalamu kwa sababu leo zamu ya kukatiwa umeme ni ya mtaa wetu, na jenereta tajiri ameifungia stoo, anasema petroli inakula faida yote. Mama anakusalimu. Ameuliza mbona Idi hukuja, nikamwambia mna majaribio chuoni, kwa hiyo akikupigia simu usije ukaniumbua.

Sasa lile jambo letu. Unakumbuka ulivyonipigia Ramadhani ikiwa kwenye kumi la mwisho, ukaniambia imetoka? Internet Explorer 7, kivinjari kipya cha Microsoft, ile e ya buluu tunayofungulia intaneti, tarehe 18 Oktoba. Nilikuwa nafuta vumbi kwenye vioo vya kompyuta, nikabaki na kitambaa mkononi. Miaka mitano, somo! Ya sita ilitoka Agosti 2001, mimi na wewe tuko kidato cha tatu tunaazimana viatu vya michezo. Tangu hapo ni viraka juu ya viraka. Kisa chake ulinisimulia wewe mwenyewe tukiwa Raskazone: mshindani wao Netscape alipokwisha kuanguka, Microsoft hawakuwa na wa kushindana naye, na mwaka 2003 wakasema hakitatoka tena kivinjari cha peke yake, anayetaka kipya angoje Windows mpya. Mpaka Firefox, kivinjari cha watu wengine, ilipoanza kuwachukulia watu ndipo Bill Gates akasimama kule San Francisco, Februari 2005, kuitangaza ya saba. Mwenye duka akibaki peke yake mtaani hafagii baraza.

Na wewe huyajui ya hapa kwenye kafe yetu ya intaneti, Barabara ya Nane. Mteja akifungua barua zake za Yahoo, ni dirisha. Akibofya kiungo, dirisha jingine. Akitaka matokeo ya mpira, dirisha la tatu. Matangazo yakimrukia, ya nne na ya tano. Kompyuta ina kumbukumbu ya MB 128 tu, inaanza kutweta kama punda wa mkokoteni, na mteja ananigeukia: "Kijana, intaneti yako nzito." Intaneti yangu! Niliposikia kwamba ya saba inafungua kurasa nyingi ndani ya dirisha moja, na ina kichujio cha kumwonya mtu asiandike siri zake kwenye tovuti za matapeli, nilikuwa kama mtoto anayengoja mwezi uandame.

Basi nikafunga mlango baada ya Isha, nikazima kompyuta zote isipokuwa ile ya kaunta, nikaanza kuishusha. Ni kama MB 15. Kwenu Mlimani labda ni kunywa chai tu. Sisi intaneti yetu inapanda mbinguni kwa dishi kisha irudi, na usiku ule kulikuwa na wingu. Ilikatika mara mbili nikaanza upya. Saa saba kasoro ikamaliza. Nikabofya, ikafunguka vizuri, ikanikaribisha kwa adabu zote, halafu ikasema kwanza ihakikishe kwamba Windows yangu ni halali.

Wewe unaijua Windows yetu. Fundi aliyetuwekea alikuja na sidii moja iliyoandikwa kwa kalamu ya wino, akaipitisha kwenye kompyuta zote kumi kwa namba ile ile moja, kama mtu anayewapa watoto kumi cheti kimoja cha kuzaliwa. Ikakagua, ikakataa. Hapo hapo, bila hata kubishana. Nilikaa nikaitazama ile sentensi hadi nikasikia watu wa daku wanapita na ngoma.

Sitaki kusema wamekosea. Kitu ni chao. Lakini waliobaki na nyufa za ile ya sita ni sisi sisi tusioweza kuvuka, na virusi vinavyopita humo havimuulizi mtu cheti. Mtu wa kafe ya Tanga akiambukizwa, barua chafu zinatoka kwake kwenda hata kwa yule aliyenunua Windows yake kwa risiti.

Nilipomweleza tajiri akasema tungoje, huenda watalegeza. Tungoje nini, nikamuuliza, akasema Mungu ni mwema. Kuhusu kununua halali za kompyuta kumi, alicheka akaagiza kahawa.

Ndipo nikaikumbuka ile sidii yako ya Firefox 1.5 uliyoniachia likizo ya Juni. Nilikuwa nimeitia kwenye kompyuta namba tatu nikaiacha, kwa sababu kila mteja akikaa pale alikuwa ananiita: "Hii haina intaneti." Wanatafuta ile e ya buluu. Kwa watu wa hapa, e ndiyo intaneti yenyewe, ukiiondoa umekata waya. Sasa sikiliza nilichofanya: nimechukua alama ya Firefox pale kwenye kioo nikaivisha sura ya e, chini nikaandika "Intaneti." Wiki ya pili sasa, hakuna aliyeniita. Ila mzee mmoja wa bandarini aliyesema namba tatu siku hizi ina akili.

Lakini ninachokitaka hasa ni Firefox 2, ambayo ilitoka 24 Oktoba wakati sisi tuko kwenye pilau la Idi. Haifiki hata MB 6 na haimuulizi mtu Windows yake kaitoa wapi. Nimeishusha juzi usiku. Sababu ya kuitaka si urembo, ni mgao wa umeme. Kuna bibi anakuja kila Jumamosi kumwandikia mwanawe aliyeko Muscat. Anaandika kwa kidole kimoja, barua moja dakika arobaini. Wiki iliyopita umeme ukakatika akiwa anamalizia, kabla hajaituma. Hakusema neno, alifunga tu mkoba wake. Pesa sikuchukua.

Hii ya pili, umeme ukirudi, inauliza kama unataka kurudishiwa kurasa zako ulipoishia, na hata maneno uliyokuwa unaandika. Nimeijaribu: nimeandika mistari mitano ya upuuzi, nikachomoa waya ukutani, nikawasha tena. Yakarudi yote! Niliruka.

Halafu nikakaa chini, nikawaza. Ikiwa bibi ameondoka na umeme ukarudi saa moja baadaye, anayekaa pale ni nani? Kijana yeyote. Atabofya "rudisha," na barua ya bibi itamfungukia mbele ya macho, na ya ndani ya nyumba yake yote. Kwa mtu mwenye kompyuta yake nyumbani ni neema, kwa kafe ni mtihani. Kwa sasa nimejipa kazi: umeme ukirudi, hakuna anayegusa kitu mpaka nipite mimi mashine moja moja, niulize nani alikuwa wapi. Wateja wananiona mkorofi.

Kwa hiyo waulize hao wenzako wa kompyuta: kuna namna ya kuiambia irudishe kwa mwenyewe tu, au niizime kabisa kwenye mashine tisa na kuiacha moja ya bibi? Pia pita Kariakoo uniulizie Windows halali moja ni kiasi gani, nataka nimwonyeshe tajiri namba kwenye karatasi acheke tena. Na usinisahau kwa ule mwaliko wa Gmail, umeniahidi tangu Agosti.

Bibi anakuja Jumamosi. Nimemwekea namba tatu.

Mimi, somo yako