Shukrani kwa dada wa kofia ya kijani, Mount Rushmore

Dada uliyetusikia tukiongea Kiswahili pale South Dakota, Marekani, kwenye mlima uliochongwa vichwa vya marais wao, ukaja kumwamkia Mama shikamoo, ahsante sana. Magoti yalikuwa yamemgomea kwenye ngazi. Ukampa fimbo yako na kumshika mkono taratibu mpaka kwenye benchi. Kisha ukamwonyesha kwa kidole: Jefferson alianza kuchongwa upande wa pili wa Washington, jiwe likaonekana bovu, wakamlipua kwa baruti na kumwanza upya. Mama alicheka mno, rais kulipuliwa! Vichwa vya mita 18, kazi ya 1927 hadi 1941. Hukuficha pia kwamba milima ile ni mitakatifu kwa Walakota, wenyeji wa asili wa huko, nao hawajaacha kuidai. Mungu akuzidishie. Ukifika Tanga, Mama anasema wali wa nazi upo.