Kabla hujakamilisha ratiba yako ya Italia

Bologna, 12 Machi

Mpendwa Rehema,

Salamu nyingi zikufikie wewe, mama na watoto. Sisi huku tu wazima. Zuhura amenieleza kwamba safari yako ya Mei imethibitika na kwamba siku zote umezigawa kati ya Roma na Venice, nami nimeona nisiendelee kukaa kimya.

Nakuomba upunguze siku moja ya Venice ili twende pamoja Ravenna, mwendo wa saa moja na ushei kwa treni kutoka hapa. Apitaye nje ya kuta za matofali za Kanisa la San Vitale, lililowekwa wakfu mwaka 547, hawezi kudhani kwamba ndani yake Kaizari Justinian wa Roma ya Mashariki na mkewe Theodora wamesimama ukutani pamoja na watumishi wao, wote wakiwa wameundwa kwa mozaiki ya vioo, mawe na dhahabu. Mafundi walivipachika vipande vile vidogo kwa kuviinamisha huku na huku, ndiyo maana ukisogea hatua moja mng'ao nao unahama, jambo ambalo hakuna picha ya kitabuni iwezayo kulionyesha. Wewe unayefundisha kuchora utaliona kuliko nilivyoliona mimi.

Jirani yake kuna jengo dogo la Galla Placidia, binti wa kaizari wa Roma, la karne ya 5, lenye madirisha ya alabasta, jiwe lipitishalo mwanga. Yaache macho yazoee giza kwanza, ndipo utazame nyota za dhahabu zilizotapakaa kwenye dari ya buluu.

Lipo pia kaburi la Dante, yule mshairi mkuu wa Italia, aliyefariki Ravenna akiwa uhamishoni mwaka 1321. Florence, mji wake wa kuzaliwa uliomfukuza, baadaye ulitaka mabaki yake, watawa wakaificha mifupa yake, nayo ikaonekana tena mwaka 1865. Mpaka leo mafuta ya zeituni ya kuwashia taa iliyo kaburini hutolewa na Florence, na kwa maoni yangu Ravenna ilikuwa na haki ya kumng'ang'ania. Hata hivyo, muda ukiwa mfupi kaburi tutaliacha, lakini San Vitale hatutaiacha.

Je, umeshalipia malazi ya Venice, au bado yanaweza kubadilishwa? Zuhura atafuatana nawe? Goti la mama limepona kiasi cha kumwezesha kutembea? Mnapendelea asubuhi au alasiri? Nijibu mapema, kwa kuwa kwa Galla Placidia saa ya kuingia huwekwa kabla, na wageni hukaa ndani dakika chache tu.

Wako akupendaye,
Mwanajuma