Barua ya wazi kwa Mhandisi wa Wilaya: viroba havitembei

Ndugu Mhandisi,

Salaam. Mimi ni mwalimu wa fizikia, na nyumba yangu ni ya tatu kutoka mtoni. Jumamosi nilitazama vijana wakipanga viroba vya mchanga juu ya daraja letu jipya la kamba. Nyaya zilistahimili, picha zikapigwa, tukaambiwa daraja limefaulu. Kwa uzito, nakubali. Lakini viroba havitembei.

Mtu hupiga hatua kama mbili kwa sekunde, na kila hatua husukuma kidogo pembeni, kulia kisha kushoto. Nguvu yenyewe ni ndogo mno. Ila daraja jembamba huyumba kwa mwendo wake kama bembea, na bembea ikisukumwa kwa wakati wake, hata mtoto huipandisha juu. Tena sakafu ikishaanza kucheza, watu hutanua miguu na kuufuata mchezo wake bila kuambiana.

London yaliwakuta. Daraja la Millennium, la waenda kwa miguu, lilifunguliwa tarehe 10 Juni 2000, likafungwa siku mbili baadaye. Halikuwa dhaifu, lilikuwa linayumba. Wahandisi walipoongeza watu juu yake kidogo kidogo, lilitulia, likaendelea kutulia, kisha wakaongezeka wachache tu likaanza kuyumba kwa ghafla. Ndiyo maana nikiambiwa "nimepita mwenyewe, halina shida", moyo wangu haupoi. Walilitibu kwa vifyonza mtikisiko: 37 vya majimaji, ndugu wa shokapu za gari, na 52 vya uzito juu ya springi. Kabla ya kulifungua tena mwaka 2002, walipitisha watu wapatao 2,000.

Sisi hatuna fedha hizo, wala sizidai. Kwenye mchoro uliobandikwa ofisi ya kijiji kuna nyaya za pembeni zinazolifunga daraja kwenye kingo zote mbili. Darajani sizioni. Naomba zifungwe kabla ya makabidhiano, kisha tulijaribu kwa miguu: watu wazima, kumi kumi, tukisimama mara likianza kucheza. Si watoto. Kengele ya saa tisa ikilia shuleni, wao huvuka wote kwa mkupuo, na Alhamisi hukutana na watu wa gulio katikati.

Walimu kumi na mmoja tumeshajiandikisha kupanda wa kwanza. Saa ya kuhesabu sekunde ninayo. Tupangie siku.

Wako,
Mwalimu wa ng'ambo ya mto